Apu ikigoma, acha kelele za WhatsApp: mpelekee ripoti mwenye nyumba

Uko steji, mvua imeanza, na makanga anakuangalia kwa lile jicho unalolijua. Unafungua apu ya benki ulipe nauli. Inazunguka, inazunguka, halafu inajifunga. Unaifungua tena, inajifunga tena. Sasa unafanya nini?

Najua unachofanya, kwa sababu naziona status zenu. Unapiga picha ya skrini, unaitupa WhatsApp na maneno "hawa watu ni wezi", kisha unahamia X kumalizia hasira. Wasee ishirini wanakujibu "hata mimi". Mnacheka, mnatukana, bando inaisha. Wiki ijayo apu bado inajifunga palepale.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Leo nataka tuongee kuhusu huyo mwenye nyumba: anakaa wapi, mlango wake wa kweli ni upi, na ukibisha useme nini ndiyo aamke.

Anayesoma posti yako si fundi

Elewa kwanza mambo yanavyokwenda huko ndani. Mtu anayesimamia akaunti ya kampuni kwa X au Facebook mara nyingi ni wa huduma kwa wateja au wa mauzo. Kazi yake ni kukujibu kwa upole. Wanaoandika programu hawakai hapo. Wao wakifika kazini hufungua mfumo mwingine kabisa, daftari la kidijitali ambamo kila hitilafu, au bagi kama wanavyoiita wenyewe, ina nambari yake, ina mtu aliyepewa kuishughulikia, na ina hali yake: mpya, inafanyiwa kazi, imerekebishwa, imefungwa. Kama shida yako haijaandikwa kwenye daftari hilo, kwa fundi haipo. Haijalishi posti yako ilipata likes ngapi.

Kwa programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake, daftari lenyewe liko wazi kwa umma. Mozilla, wanaotengeneza Firefox, wana lao linaitwa Bugzilla, na limekuwepo tangu 1998. Wikipedia na ndugu zake wanatumia Phabricator. Hata Ushahidi, mfumo uliozaliwa hapa kwetu mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, msimbo wake uko GitHub, na pale kuna sehemu ya Issues ambapo mtu huandika kilichoharibika. Unafungua akaunti bure, unaandika, unapewa nambari.

Usidharau hiyo nambari. Mwaka 2002 mtu mmoja aliripoti kwenye Bugzilla kwamba kile kisanduku kidogo cha maelezo kinachotokea ukiweka mshale juu ya kitu kilikuwa kinabaki kwenye skrini hata baada ya kuhamia programu nyingine. Kitu kidogo tu, lakini kinakera. Ripoti ilipewa nambari 148624. Ilikaa humo, watu wakaongeza maelezo, miaka ikapita. Mwaka 2023, zaidi ya miaka 20 baadaye, ikarekebishwa. Najua unacheka, miaka 20 ni umri wa msomaji wangu mmoja. Lakini jiulize: ni posti gani ya 2002 ambayo mtu angeweza kuifungua leo, aisome hatua kwa hatua, na aifanyie kazi? Malalamiko ya mtandaoni huzama kesho yake. Ripoti yenye nambari hubaki pale ikimsubiri mtu wa kuishika.

Mwizi naye anakusoma

Kuna sababu nyingine ya kuacha kulia hadharani, na hii inagusa mfuko wako moja kwa moja. Ukiandika kwa X "nimetuma pesa na haijafika, mnisaidie", kuna msee mahali ameketi akisubiri maneno hayo hayo. Akaunti yenye nembo ya kampuni na jina linalofanana, tofauti ni herufi moja tu, inakujibu haraka kuliko kampuni yenyewe: "Pole sana mteja wetu, tutumie nambari yako DM tukusaidie." Unatuma. Unapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole na Kiingereza cha ofisini. Baada ya dakika tano anakuomba PIN, au ile nambari ya siri iliyoingia sasa hivi kwa SMS. Ukimpa, doo imeenda.

Safaricom wamerudia hili mpaka wamechoka: wao huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee, na hawaulizi PIN. Ukipata SMS ya tapeli, isambaze kwenda 333. Hizo ni njia rasmi. Kazi ya njia rasmi ni kufikisha ujumbe, na pia kukuhakikishia kwamba aliye upande wa pili ni yule unayedhani ni yeye. Hashtegi haiwezi kukuhakikishia hilo.

Tayari unajua kuripoti

Usiniambie haya ni mambo ya watu waliosoma kompyuta. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, na hakuna fomu ya ripoti imewahi kuniuliza cheti. Zaidi ya hapo, kama umewahi kutuma pesa kwa nambari isiyo yako, tayari unajua kuripoti.

Pesa ikienda kwa mtu mwingine, huingii kwenye group ya ploti kuuliza nani ameona elfu mbili yako. Unachukua ule ujumbe wa M-Pesa na kuusambaza kwenda 456, na unafanya haraka kabla huyo mwingine hajazitoa. Sasa uangalie vizuri ujumbe wenyewe. Una kodi ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa. Hauna matusi. Hauna "nyinyi huwa mnatuchezea". Mtu aliye upande wa pili akiusoma hahitaji kukuuliza swali lolote.

Ripoti nzuri ya hitilafu ni kama ujumbe wa M-Pesa: kila anachohitaji fundi kiko ndani, na hakuna kingine.

Mlango uko wapi?

Anza ndani ya apu yenyewe. Nyingi huficha mlango kwenye Mipangilio, halafu Usaidizi. WhatsApp, kwa mfano, ina sehemu hapo ya kuwasiliana nao. Kwa nini upitie humo na si kwingine? Kwa sababu apu nyingi, ukituma ripoti kupitia humo, huambatisha zenyewe toleo unalotumia na aina ya simu yako. Nusu ya kazi imeshafanywa.

Ukikosa, rudi Google Play au App Store ufungue ukurasa wa apu hiyo. Kwa Google Play utapata sehemu ya mawasiliano ya mtengenezaji, na mara nyingi kuna barua pepe. Usichanganye hiyo na sehemu ya nyota. Nyota moja na neno "takataka" inawaonya wateja wengine, na hiyo ni haki yako, lakini haimwambii fundi afungue faili gani.

Kwa programu huria, nenda kwenye tovuti ya mradi utafute pameandikwa wapi kuhusu kuripoti hitilafu. Na hapa tuwe na adabu kidogo: wengi wanaoshughulikia programu hizi wanajitolea. Wanafanya usiku baada ya kazi zao. Usimwandikie mmoja wao kwa Instagram saa tano usiku ukimdai majibu. Ukimwandikia pembeni hata akakusaidia, jibu linaishia kwako peke yako. Ukiandika kwenye daftari la mradi, msee wa Kisumu mwenye shida kama yako atalikuta.

Kabla hujaandika, tafuta kwanza kama kuna aliyekutangulia. Ukikuta ripoti ya shida hiyo hiyo, usifungue nyingine. Na usiandike "hata mimi" tu, kwa sababu kila mtu anayefuatilia hiyo ripoti atapata taarifa kwa simu bila kupata habari mpya. GitHub ina alama ya dole gumba, bonyeza hiyo. Kama una jambo geni, mfano kwako inatokea ukiwa kwenye laini ya pili tu, hilo sasa liandike, linaweza kuwa ndilo ufunguo.

Andika nini?

Hii hapa ripoti mbaya: "Apu yenu haifanyi kazi. Rekebisheni!!!"

Jiweke kwenye viatu vya anayeisoma. Haifanyi kazi wapi? Lini? Kwa simu gani? Atakuandikia akuulize, wewe utakuwa umeshasahau, na kesi itafungwa.

Hii hapa nzuri: "Apu inajifunga nikibonyeza Lipa. Toleo 4.2.1, Android 12, simu yenye RAM ya GB 2, nikitumia data ya simu. Hatua: nimefungua apu, nimechagua Lipa Bili, nimeweka kiasi cha 100, nimebonyeza Lipa. Nilitarajia iniulize PIN. Badala yake skrini imekuwa nyeupe kisha apu ikajifunga. Imetokea mara 3 kati ya 3, leo saa 12:40 jioni. Nikitumia Wi-Fi haitokei."

Hayo ni maneno hamsini na kitu, machache kuliko yale uliyoandika kwa status. Ukiangalia utaona mambo haya: unatumia nini, ulifanya nini kwa mpangilio, ulitarajia nini, kilitokea nini, na kinatokea mara ngapi. Fundi akiweza kuifanya hitilafu itokee kwenye simu yake mwenyewe, amefika mbali. Asipoweza, atakuwa anapapasa gizani.

Tahadhari ndogo. Ripoti moja, shida moja. Usichanganye kujifunga kwa apu na rangi usiyoipenda. Picha ya skrini inasaidia, lakini ziba salio, nambari ya simu na nambari ya kitambulisho, hasa kama daftari liko wazi kwa dunia nzima. PIN usiandike popote, kwa yeyote, hata akiwa ndiye fundi mwenyewe.

Na usimwambie roboti wa AI akutungie ripoti ya kitu ambacho hukukiona. Daniel Stenberg, Msweden anayeongoza mradi wa curl, programu ya kuhamisha data iliyomo ndani ya vifaa vingi sana duniani, amekuwa akilalamika hadharani tangu 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na AI. Zinaonekana safi, Kiingereza kimenyooka, lakini hitilafu yenyewe haipo. Mtu wa kujitolea anapoteza saa nzima kuwinda kivuli. AI ikusaidie kunyoosha lugha, sawa. Ushahidi uwe wako.

Ukikuta tundu la usalama, nong'ona

Yote niliyosema kuhusu kuandika mahali pa wazi yana kizuizi kimoja. Kama ulichokiona kinaweza kumfanya mtu aibe pesa, aone taarifa za wengine au aingie akaunti isiyo yake, usikiandike hadharani, na usikiweke hata kwenye daftari lililo wazi. Utakuwa umewaachia wezi ufunguo kabla mwenye nyumba hajabadilisha kufuli.

Miradi mingi ina njia ya siri kwa kazi hii. GitHub utakuta faili linaloitwa SECURITY.md. Tovuti nyingine zina faili dogo la security.txt linalosema uandike kwa nani, na huo ni utaratibu rasmi wa intaneti tangu 2022. Unawapa maelezo, unawapa muda wa kurekebisha, halafu ndipo mambo yanatangazwa. Timu ya Google ya Project Zero, kwa mfano, kwa kawaida hutoa siku 90.

Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wewe na mimi tungesema mtandao ni wa leo. Yeye alipima, akachimba, akakuta mtu amepandikiza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Hakukimbilia kutafuta likes. Aliwajulisha kwanza watu wa usalama, kisha Machi 29 akachapisha maelezo kamili pale wahusika wa usalama wa programu huria wanaposoma. Matoleo yale yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yakaondolewa kabla hayajafika kwenye mifumo mingi ambayo dunia inaitegemea.

Neno moja la sheria, kwa sababu nakujua una udadisi. Ukiona mlango uko wazi, ripoti kwamba uko wazi. Usiingie kupima vitanda. Sheria ya Kenya kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2018 inafanya kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, na faini inaweza kufika milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. "Nilikuwa nawasaidia" si ruhusa.

Na wakikunyamazia je?

Hapa ndipo wengi mtaniambia: manze, tuliripoti na hatukujibiwa. Mko sahihi. Njia rasmi huwa mbovu wakati mwingine, na hilo si kosa la mteja.

Januari 2019 kijana wa miaka 14 huko Arizona, Marekani, aligundua kwamba kwenye FaceTime ya Apple ungeweza kumpigia mtu, ukajiongeza wewe mwenyewe kwenye simu hiyo ya kikundi, na ukaanza kumsikia kabla hajapokea. Yaani simu yake imegeuka kuwa sikio lako. Mamake alihangaika zaidi ya wiki moja: mitandao ya kijamii, simu, faksi, barua pepe. Majibu yalikuwa ya kuzungushwa. Mpaka Januari 28, habari ilipolipuka kila mahali, ndipo Apple ikazima simu za kikundi. Baadaye iliomba radhi, ikasema itaboresha inavyopokea ripoti, ikamtaja kijana huyo kuwa mgunduzi na ikachangia elimu yake.

Unaweza kusema: si unaona, kelele ndizo zilisaidia? Zilisaidia, ndiyo. Lakini mama yule alikuwa na kitu mkononi: tarehe, barua alizotuma, video ya kuonyesha hitilafu inavyotokea. Dunia ilipouliza "mlijua lini?", ushahidi ulikuwepo. Kelele zikiwa na karatasi nyuma yake zinageuka kuwa kesi. Zikiwa peke yake zinabaki stori za jaba.

Kwa hivyo ukinyamaziwa, panda ngazi. Subiri muda wa haki, kisha ukumbushe kwa nambari ile ile ya kesi, usifungue mpya. Bado kimya? Kama ni kampuni ya simu au intaneti, kuna Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na wao hutaka uwe umelalamika kwa kampuni kwanza. Unaona sasa kwa nini tulitafuta nambari? Kama apu imetumia vibaya taarifa zako, mfano ya mkopo inayowapigia watu wote kwenye simu yako, kuna Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na sheria ya 2019 inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kote huko utaulizwa jambo moja: uliripoti lini, na una uthibitisho gani?

Asiyeripoti hatengenezewi

Programu nyingi unazotumia zimeandikwa na watu wa California, Berlin au Bangalore. Wana simu mpya na Wi-Fi isiyokatika. Hawana simu ya GB 2 yenye laini mbili na kioo kilichopasuka. Hawajui intaneti inavyokuwa ukiwa kwenye matatu pale Githurai saa moja jioni. Hawajui Kiswahili, ndiyo maana wakati mwingine unakuta kitufe kina maneno ambayo hata nyanya yako hangeyaelewa.

Wanachojua ni kile kilichoandikwa kwenye daftari lao. Kama walioandika wote ni wa Ulaya, hitilafu za Ulaya ndizo zitarekebishwa, na sisi tutaendelea kuambiana "hii apu haipendi simu yangu". Hata hayo maneno mabovu ya Kiswahili yana mahali pa kurekebishwa. Maneno ya vitufe vya Wikipedia hutafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye translatewiki.net, na wewe uliyesoma fasihi ya Kiswahili shuleni unaweza kuwa mmoja wao.

Kwa hivyo chagua apu moja inayokukera leo. Moja tu. Tafuta mlango wake, andika yale maneno hamsini, tuma, uiweke nambari ya kesi mahali ambapo hutaipoteza. Status unaweza kuandika pia, ni simu yako. Lakini ripoti iwe imetangulia.